Wabishi Watatu wa Timu ya Misumeno

Sogeeni karibu, na mwenye jibu alishikilie kwanza, kwa sababu kisa hiki kimewahi kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja kabla msimulizi hajafika mwisho.

Huko Lwangu, mji wa baridi uliozungukwa na misitu ya misindano, ambako kila nyumba ina mtu wake kwenye mashine za kupasua mbao, kuna timu ya mpira inayoitwa Misumeno. Katika timu hiyo walikuwamo watu watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Kocha Aldo Luvanda alijaliwa jicho la kumwona mchezaji ndani ya mtu. Winga wake wa kulia alimtoa kwenye kundi la wapakia mbao, kwa kumwona tu jinsi alivyoruka mtaro akiwa na ubao begani. Watu walicheka. Msimu uliofuata hawakucheka.

Kocha msaidizi Enesi Sanga alijaliwa kuusoma mchezo ukiwa unaendelea. Alikaa kwenye benchi, kidaftari gotini, kimya, na kabla wengine hawajaona kitu yeye alikuwa ameshajua ni upande gani utakaovuja. Luvanda ndiye aliyempa kazi, wakati timu nyingine zilipomwambia kwamba wanaume hawatamsikiliza mwanamke.

Nahodha Gaudensi Mahenge, beki wa kati, alijaliwa moyo. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na goti lake la kulia lilifungwa bandeji kila siku ya mechi. Lakini yeye akiwamo uwanjani, hakuna mwenzake aliyethubutu kuinamisha kichwa, hata wakiwa wamefungwa mabao matatu.

Jambo moja tu lilifanana kwa wote watatu, nalo ni ubishi. Na aliyelazimika kuubeba ubishi wao alikuwa mwenyekiti wa klabu, Mama Tulizo Mbilinyi, muuza mbao wa pale karibu na stendi. Wanachama walimchagua kwa ahadi moja aliyoitoa akiwa amesimama juu ya benchi: Misumeno haitashuka daraja mikononi mwake.

Basi msimu huo Misumeno ilicheza mechi kumi na moja bila kuonja ushindi. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, na siku moja ikafungwa mabao matano, mawili kati yake yakimpita kipa Erasto Kigodi katikati ya miguu. Tangu siku hiyo mji mzima ulikuwa na wimbo mmoja: Erasto atolewe. Ukawa na kiitikio chake pia: na kocha amfuate.

Asubuhi moja Mama Tulizo alifika dukani akakuta mlango hauonekani. Watu walikuwa wamemwaga maranda ya mbao, rundo lililofika kifuani, na juu yake wamechomeka kipande cha ubao kilichoandikwa kwa mkaa: MFUKUZE AU UFUNGE DUKA. Wapita njia walisimama ng'ambo ya barabara waone atafanya nini.

Mpakiaji wake mmoja akachukua koleo. "Mama, nianze kuyaondoa?"

"Yaache," Tulizo alisema. "Fungua njia ya mguu mmoja inatosha. Anayetaka mbao atapita."

Akafunga khanga kiunoni, akapanda rundo, akashukia upande wa pili, akafungua kufuli. Siku hiyo aliuza juu ya maranda yao. Lakini moyoni aliungua, kwa maana alijua waliomwaga si maadui. Walikuwa ni watu waliosimama mvuani kila Jumapili kuishangilia Misumeno, na baba zao kabla yao.

Jioni alikwenda uwanjani. Luvanda alikuwa anamrushia Erasto mipira, mmoja baada ya mwingine, na kijana wa watu anaanguka kulia, anaanguka kushoto, matope hadi masikioni.

"Kocha, kamwene."

"Kamwene, Mama Mwenyekiti."

"Kamati imeniagiza nikupe barua. Wanataka Erasto akae benchi."

Luvanda hakunyoosha mkono kuipokea. "Mama, siku kamati itakapopanga kipa, ipange na kocha. Mimi nikiwa hapa, Erasto atadaka."

"Amefungwa mabao ishirini na sita, Aldo."

"Nimeyahesabu pia. Kumi ni makosa yake, kumi na sita ni ya mabeki waliomwacha peke yake. Nikimtoa sasa nimemuua. Hatadaka tena maisha yake yote, hapa wala kwingine. Na ninakwambia nilichokiona: mtoto huyu ana mikono ambayo mji huu haujawahi kuwa nayo. Bado anaogopa, basi. Woga huisha."

"Na tukishuka daraja kabla haujaisha?"

Luvanda aliuokota mpira, akaufuta kwa kiganja. "Basi mnifukuze. Lakini mnifukuze nikiwa nimesimama. Sitaomba, na sitaondoka kwa sababu ya maranda."

Tulizo aliirudisha barua mkobani. Kwenye kikao cha kamati usiku ule ule, mjumbe mmoja mwenye sauti kubwa, Bwana Chaula, alitaka kocha aondolewe kabla ya kesho kupambazuka. Tulizo alikataa. Walibishana hadi wakachoka, na mwisho wakakubaliana hivi: Luvanda amalize mechi nne zilizobaki, na baada ya mechi ya mwisho, timu ishuke isishuke, kamati itapiga kura juu ya nani akalie kiti cha kocha msimu ujao.

Mechi ya kwanza kati ya zile nne walitoka sare. Ya pili wakashinda, kwa bao la kubahatisha, na wanaume wazima walilia. Ya tatu wakatoka sare tena, ila Luvanda alimfokea mwamuzi mpaka akaonyeshwa kadi nyekundu. Kwa hiyo mechi ya mwisho, dhidi ya timu ya Ngano, hakuruhusiwa kukaa kwenye benchi. Na hesabu ilikuwa nyepesi, kila mama muuza viazi sokoni aliijua: wakishinda wanabaki, wakitoka sare wanashuka.

Siku ya mechi Luvanda aliandika maagizo yake kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akampa Enesi mlangoni mwa uwanja.

"Mabeki watano hadi dakika ya sabini," alimwambia. "Usibadilishe mtu kabla ya hapo. Tusifungwe kwanza, halafu tutafute bao moja."

"Nimesikia, Kocha," alisema Enesi. Zingatieni: alisema amesikia.

Luvanda akaenda kukaa jukwaani kwenye viti vya mbao, kando ya Mama Tulizo. Watu waliokuwa karibu walijisogeza, wakawaachia nafasi kama wagonjwa wa tetekuwanga.

Dakika ya ishirini na mbili Ngano wakapata bao. Mapumziko yakafika, moja bila. Timu ziliporudi, Tulizo alimsikia Luvanda akivuta pumzi kwa nguvu. Enesi alikuwa amemtoa beki mmoja na kiungo mmoja, akaingiza mawinga wawili, yule wa mtaroni na mwenzake.

"Ameitupa karatasi," Luvanda alisema kwa sauti ya chini. "Mama, ameitupa karatasi yangu."

Hakuwa ameitupa. Ilikuwa mfukoni mwake, imekunjwa vile vile. Wakati wa mapumziko aliwaambia wachezaji, na wao ndio waliosimulia baadaye, "Kocha aliandika haya jana, akiwaza Ngano wa jana. Ngano wa leo wana beki wa kushoto anayechechemea. Tutapita kwake mpaka aombe kutoka. Mkifungwa nne, laana ni yangu." Wakapita kwake. Dakika ya sitini winga wa kulia akamtoka, akamimina krosi, na mshambuliaji akaugusa tu. Moja moja.

Uwanja ukawaka. Watu walimpigia Enesi makofi kwa jina. Luvanda alibaki ameketi.

Lakini mlango ukifunguliwa hufunguka pande zote. Kwa kuwa Enesi alikuwa amepunguza mabeki, dakika ya sabini na tano Ngano walipasua katikati, mshambuliaji wao akaangushwa ndani ya boksi, na mwamuzi akanyoosha kidole: penati. Watu wa Lwangu wakageuza nyuso. Wengine wakaanza kuteremka jukwaani. Mtu mmoja akasema, bila hata kupandisha sauti, "Na golini yupo Erasto."

Tulizo alimtazama kocha. Luvanda alikuwa amesimama peke yake jukwaa zima, mikono imeshuka, anamtazama kipa wake, na midomo yake inasema kitu kisichosikika. Mpigaji wa Ngano akaja, akapiga kwa nguvu upande wa kulia, chini kabisa, mahali pa kumshinda kipa yeyote. Erasto alikuwa ameshafika hapo. Akautoa kwa ncha za vidole. Mpira ukarudi kwa mpigaji, akapiga tena, na Erasto, akiwa bado chini, akaupangua kwa mguu.

Waliokuwa wanateremka wakarudi. Wengine walikaa vichwa chini, kwa aibu. Luvanda hakumwangalia mtu yeyote. Alirudi kuketi tu.

Ilikuwa bado moja moja, na sare ni kushuka. Dakika ya themanini na tano Gaudensi, nahodha, aligongana na mtu, goti likazunguka. Akainuka, akachechemea hatua tatu, akachuchumaa, akainuka tena. Enesi akaita beki mpya, na kibao chenye namba ya Gaudensi kikainuliwa.

"Toka, Gaude," Luvanda alipaza sauti kutoka jukwaani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo kocha na msaidizi wake walikubaliana. "Toka, huna mguu."

Gaudensi alikitazama kile kibao, akatikisa kichwa.

"Kapteni, njoo," Enesi alimwita.

"Sitoki, Mwalimu," alijibu. Hakukasirika, alisema kama mtu anayekataa kuongezwa chai. Mwamuzi alipoona anayetolewa hataki kutoka, aliamuru mpira uendelee, maana sheria ndivyo ilivyo.

Dakika zilizofuata zilikuwa ngumu kuzitazama. Mara mbili mshambuliaji wa Ngano alimpita Gaudensi kama anavyopita nguzo ya umeme, na mara zote mbili mpira ukatoka nje kwa bahati. Watu walianza kumtukana. Ndipo, dakika za nyongeza zikiwa zinaisha, Misumeno wakapata kona. Gaudensi akavuka uwanja mzima akiburuta mguu. Mabeki wa Ngano walimwona akija na hawakumfuata. Nani anamkaba kiwete? Kona ikapigwa. Aliruka kwa mguu mmoja, ule mzima, na kwa kichwa akautia mpira wavuni, kisha akaanguka na hakuinuka tena. Walimtoa kwa machela filimbi ya mwisho ikiwa imeshapulizwa. Misumeno mbili, Ngano moja. Lwangu haikushuka.

Watu walicheza barabarani. Lakini ahadi ya kamati ilikuwa pale pale, na Jumamosi iliyofuata wajumbe kumi, mwenyekiti akiwa mmoja wao, walikutana kwenye ofisi ya klabu. Daktari alikuwa ameshamwambia Gaudensi kwamba hatacheza tena, na kwa kuwa alikuwa na cheti cha ukocha, jina lake nalo likaingia.

Bwana Chaula alianza. "Apewe Enesi. Tungefuata ile karatasi, leo tungekuwa daraja la chini. Yeye ndiye aliyeleta bao, na bao la kwanza ndilo lililotufufua."

"Na penati ilitoka wapi?" mjumbe mwingine akamuuliza. "Si kwenye tundu alilolichimba yeye? Bila Erasto ingekuwa mbili moja, tumekwisha. Na Erasto ni wa nani? Sisi sote tuliopo hapa tulisaini barua ya kumtoa. Luvanda peke yake ndiye aliyekataa. Abaki."

"Luvanda huyo huyo aliyetufikisha mechi kumi na moja bila ushindi," akadakia wa tatu. "Aliyezima moto asisahau nani aliuwasha. Mimi nasema Gaudensi. Bao lililotubakisha ni lake, na alilifunga baada ya makocha wote wawili kumwambia atoke. Siku ile waliokosea ni wao, aliyepatia ni yeye."

"Alipatia, au alibahatisha?" akauliza Chaula. "Zile mara mbili alizopitwa, moja ingeingia wavuni, tungekuwa tunamwita nani leo?"

Tulizo akaagiza wale watatu wenyewe waitwe, mmoja mmoja.

Luvanda aliingia akakataa kiti. "Nimefundisha hapa miaka tisa," alisema. "Nilichokiona mimi kwa Erasto mlikiona nyinyi baada ya miezi minane. Nipeni msimu, mtaona na kingine. Lakini na msaidizi aliyeweka maagizo yangu mfukoni sifanyi kazi tena. Safari hii alipatia. Kesho wachezaji watamfuata nani?"

Enesi alikaa, akaweka ile karatasi mezani, bado imekunjwa. "Kocha alinishika mkono wakati hakuna aliyenitaka, na hilo sitalikana hata mbele ya Mungu. Lakini sikuajiriwa kushukuru. Niliona pengo kwa Ngano nikalitumia, mkisema nilifungua jingine kwetu ni kweli, na siku nyingine nitafanya vile vile. Usaidizi sasa basi. Mkinipa kiti nitakalia, msiponipa nitaaga."

Gaudensi aliletwa akiwa na magongo. "Mimi sikuja kumtoa mtu," alisema. "Nawaheshimu wote wawili. Ila mkiniambia nikae chini ya mmoja wao, nitakosa la kuwaambia vijana, maana walinisikia nikikataa mbele ya mji mzima. Mnajua kwa nini nilikataa? Kwa sababu mle ndani nilikuwa nayaona macho ya wenzangu, na wao walikuwa wanayaona yangu. Kocha jukwaani hayaoni. Mwalimu kwenye benchi hayaoni. Kikosi kile ningekiongoza kwa macho hayo."

Wakatoka. Wajumbe tisa wakapiga kura. Luvanda kura tatu. Enesi kura tatu. Gaudensi kura tatu. Karatasi ya kumi ilikuwa mbele ya Mama Tulizo, nyeupe, na kalamu juu yake.

Nje wanachama walikuwa wamejaa hadi barabarani, na walikuwa wameshapata fununu. Kundi moja lilikuwa likiimba jina la Enesi, jingine la nahodha, na ajabu ni kwamba walikuwapo pia waliokuwa wakiimba jina la Luvanda, na baadhi yao Tulizo aliwatambua kwa sura kutoka ng'ambo ya barabara, siku ya maranda.

"Mama, wasikilize watu," Chaula alisema.

"Niliwasikiliza watu siku waliponimwagia maranda?" Tulizo alimjibu. "Ningewasikiliza, leo tusingekuwa na cha kupigia kura. Nyamazeni, niacheni niandike."

Lakini hakuandika upesi. Alimfikiria Luvanda, aliyekataa kuusikiliza mji mzima. Akamfikiria Enesi, aliyekataa kumsikiliza Luvanda. Akamfikiria Gaudensi, aliyekataa kuwasikiliza wote wawili. Aliona wazi kwamba ukimtoa yeyote kati yao katika dakika zile tisini, Misumeno imeshuka. Aliona pia kwamba watatu hao hawatakaa tena chini ya paa moja, na kwamba kiti ni kimoja.

Sasa tuishie hapo, na nyinyi mfanye kazi yenu. Atakayesema Luvanda atueleze ni mechi ngapi za kufungwa atazivumilia msimu ujao kabla jicho lake halijaleta Erasto mwingine. Atakayesema Enesi atueleze atamjibu nini msaidizi wake siku naye atakapoiweka karatasi yake mfukoni. Na atakayesema Gaudensi atueleze kama moyo uliomwinua akiwa na mguu mmoja unaweza kufundishwa kwa vijana ishirini, au alizaliwa nao peke yake.

Kalamu ni yako, nje wanaimba, na kamati inakutazama. Wewe utaandika jina la nani, na ukishafungua mlango, utawaambia nini wale wawili waliobaki?